Mpini Uliokonda

Jumamosi iliyopita tulimwacha Bi Thora Amdahl amesimama mbele ya benchi lake la kazi, na juu ya benchi pana kitu kimeviringishwa ndani ya gunia la unga, na Sherifu Garvin Stroud ameshika ncha ya gunia hilo. Basi sasa anafungua.

Ilikuwa bastola.

Bastola ya risasi sita, chuma chake kimeshika matope ya mfereji, mpini wake wa mti wa jozi. Sherifu aliisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikagota kwenye jiliwa, ile koleo ya chuma inayobana mbao benchini.

"Itambue," alisema.

Kwa asiyekuwa nasi, habari ni hii. Jumanne jioni mfugaji Asa Purdom alipigwa risasi mbili za kifua kwenye lango la maji la mfereji wa Cutter Fork. Jumatano asubuhi Sherifu akamfunga Emmet, mwana pekee wa Bi Thora. Emmet na Asa walikuwa wakigombea zamu ya maji tangu majani yalipoanza kukauka, na Emmet alikwisha kusema dukani, watu kumi wakisikia, kwamba iko siku Asa atayanywa maji ya mfereji mzima kwa mkupuo mmoja. Silaha tu ndiyo ilikuwa haijaonekana. Na katika Wyoming ya siku hizo, mwanamume aliyemwua mwenzake kwa kumvizia hakuwa na safari ndefu. Alipelekwa kwenye kamba.

Bi Thora hakuigusa kwanza. Aliitazama tu.

Mumewe, marehemu Nels, alikuwa fundi wa bunduki. Nels alishika chuma, yeye akashika mbao. Miaka sita tangu Nels azikwe, wafugaji waliendelea kuja na bastola zao wakilalamika, huyu inamchubua panda ya kidole gumba, yule inamgonga fundo la kidole cha kati kila anapofyatua, na Bi Thora aliwasikiliza kama mkunga anavyosikiliza, kisha akachukua tupa.

Sherifu Stroud naye alipata kuja, miaka miwili nyuma. Alileta mpini wa ganda la lulu, mweupe unaong'aa, akataka afungiwe kwenye bastola yake. Bi Thora alimwambia lulu ni ya kutazamwa. Ikipata jasho kidogo inateleza kama samaki, na siku atakapoihitaji kwa haraka itamponyoka. Sherifu alimjibu kwamba hakuja kusikiliza mahubiri. Akafungiwa. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena hata mlangoni pa kanisa.

Sasa alikuwa amesimama ndani ya karakana yake na kofia kichwani, jambo ambalo mwanamume wa pale hafanyi chini ya paa la mjane.

"Nimesema itambue, Bi Amdahl. Au macho nayo yamezeeka?"

Nyuma yake alikaa msaidizi wake, Hob Tillery, mzee wa miaka sitini na mbili, daftari gotini, tumbaku shavuni. Hob alikuwa amevua kofia.

Bi Thora alichukua bisibisi, akafungua skrubu moja, mbao mbili za mpini zikaachana. Ndani ya ubao wa kushoto palikuwa na alama iliyochorwa kwa ncha ya sindano ya moto. Msalaba mdogo, na chini yake namba arobaini na moja.

Angeweza kusema haijui. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua alama ile, kwa kuwa haionekani mpaka mpini ufunguliwe. Lakini asubuhi hiyohiyo alikuwa amepiga magoti akamwomba Mungu amsimamie mwanawe, na hakuona jinsi ya kuomba kwa mdomo huo kisha kudanganya kwa mdomo huohuo.

"Ni kazi yangu," alisema. "Nilimchongea Emmet."

Hob aliacha kutafuna.

Sherifu alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Andika, Hob. Mama mzazi, kwa kinywa chake. Jaji hatahitaji hata kunywa maji kabla ya kutoa hukumu."

Akanyoosha mkono kuchukua gunia lake.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Thora.

Alikuwa amezirudisha zile mbao mbili mahali pake, amekaza skrubu, na bastola i mkononi mwake. Sasa mkono wake ulikuwa unamwambia neno ambalo macho hayakuliona.

Alipomchongea Emmet, alianza kama anavyoanza siku zote. Alimpa donge la nta ya nyuki iliyopashwa moto alibane kiganjani, akasubiri ipoe, akaufuata mwili wa ile nta kwa mbao. Emmet ana mkono kama sepetu. Kwa hiyo alimwachia mbao tumbo la kujaza kiganja, akaziba kwa mti ile nafasi iliyo nyuma ya tao la chuma linalokinga kifyatulio, ili tao lisimgonge kidole cha kati, na akaurefusha mpini chini ya chuma, kidole kidogo kipate pa kukaa.

Hii aliyoishika haikuwa na tumbo. Kile kizibo cha nyuma ya tao hakikuwepo. Na chini mpini ulikuwa umekatwa kwa msumeno mpaka usawa wa chuma.

"Imekonda," alisema.

"Nini imekonda?"

"Mpini. Mtu ameupunguza."

Sherifu alicheka kwa pua. Alisema bila shaka ni Emmet mwenyewe aliyeupunguza, ili mama yake aje aseme maneno hayo hayo. Emmet naye tangu Jumatano alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba bastola yake ilipotea mwezi wa Mei, na alilisema akitazama sakafu. Hata Bi Thora hakumwamini. Tuseme ukweli, siku tatu hizo mama yule hakujua kama anamwombea mtu asiye na hatia.

Sasa ndipo alipoanza kutumaini, na tumaini likamtia woga kuliko alivyotiwa na shaka.

Aliomba jambo moja. Emmet aishike bastola ile, tupu, mbele ya mashahidi, ikiwa imepakwa masizi. Ndiyo njia ya kazi ile. Fundi akitaka kujua mpini unamgusa mteja wapi, huupaka masizi ya taa kwa mafuta kidogo, mteja akaubana, kisha kiganja kikafunguliwa. Panapogusa pana weusi, na pasipogusa pamebaki peupe. Masizi hayajui nani mtoto wa nani.

Sherifu alisema yeye hafanyi maigizo. Hob, bila kuinua macho kwenye daftari, alisema kwamba jaji atauliza kwa nini mama aliomba na akanyimwa.

"Wewe umeajiriwa na nani, Hob?"

"Na kaunti, Sherifu. Kama wewe."

Stroud akasema haya, twendeni, lakini baada ya hapo Bi Amdahl atasimama mbele ya jaji Jumatatu na kurudia maneno yake ya kwanza, neno kwa neno. Bi Thora akakubali. Akachukua taa, chupa ya mafuta ya kitani na kijiko cha bati, wakavuka barabara ya vumbi kwenda jela, watu wa dukani wakiwatazama kupitia kioo.

Emmet alisimama alipomwona mama yake. Alipoiona bastola, alikaa tena.

Hob aliifungua silinda akaonyesha matundu sita, yote matupu. Bi Thora aliwasha taa, akainua utambi, akakishika kijiko juu ya mwali mpaka kikavaa weusi. Akaupaka mpini kwa ncha ya kidole, taratibu, kama apakavyo siagi kwenye bati la mkate. Wakampa Emmet kupitia nondo.

Aliibana kwa mkono wa kulia. Vidole vilizunguka mpini mwembamba vikarudi kujichoma kucha kwenye kiganja chenyewe. Kidole kidogo kilining'inia hewani, hakina pa kushika.

"Fungua," alisema mama yake.

Kiganja kilikuwa na mstari mweusi pembeni na mwingine chini ya vidole. Katikati kote palikuwa peupe kama sahani.

Hob alichora kiganja kile daftarini bila kuambiwa.

"Sherifu," alisema Bi Thora, "huyu akipiga risasi na mpini huu, bastola itamzunguka mkononi. Hailengi hata zizi."

Stroud alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Hakuonekana kutikisika.

"Kiatu kikimbana mtu, hatembei? Anatembea, bibi. Anachechemea, lakini anafika. Asa Purdom alipigwa risasi kutoka hatua nne. Hatua nne hata kipofu angefika."

"Kweli, anatembea," alijibu Bi Thora. "Lakini sijaona mtu mwenye mguu mkubwa akiketi kwa makusudi akakipunguza kiatu chake mwenyewe."

Hob alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake, na Sherifu alikisikia.

Bi Thora hakungoja. Aliipeleka bastola dirishani. Mwanga ulipolala juu ya mti, aliona mambo mawili ambayo taa ya karakana haikumwonyesha. La kwanza, ubao wa kulia ulikuwa umechimbwa kitanda kidogo cha kidole gumba. Mtu wa mkono wa kulia gumba lake hukaa kushoto. Aliyeukondesha mpini huu alipigia mkono wa kushoto.

Alilisema hilo kwa sauti, na macho yote mawili ya Hob yakashuka kwenye kiuno cha Sherifu, mahali ambapo ile bastola ya lulu ilining'inia, kushoto, kama inavyoning'inia kila siku.

Ukweli ni kwamba katika Cutter Fork nzima mwanamume atumiaye mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

Stroud alibadilika rangi. Akaja kwa hatua mbili, akamnyang'anya Bi Thora bastola, akasema kama wanataka maigizo basi waigize wote. Aliubana mpini kwa nguvu, masizi yakamtoka kati ya vidole. Uso ukamkunja kidogo, kama mtu aliyekanyaga kijiwe, kisha ukanyooka.

"Tazama, Hob. Tazama vizuri, uchore na huu."

Vidole vyake vilikuwa vinene. Kile kidogo na jirani yake vyote viwili havikupata mti. Tao la chuma lilikuwa limemkalia juu ya fundo la kidole cha kati, na juu ya fundo hilo palikuwa na kigaga cha siku chache. Bi Thora alimwuliza ameumia wapi.

"Bizimu ya mkanda wa tandiko," alisema, akaitupa bastola mezani. Kiganja chake kilikuwa na mabaka, peupe pakubwa kuliko hata kwa Emmet.

Kwa hiyo si yeye. Hob alichora, na sasa mkono wake ulitulia, maana mpaka hapo aliogopa kweli kwamba ni mkubwa wake. Sherifu akajipangusa kwa leso, weusi ukasambaa badala ya kutoka.

"Mkono wangu haukuingia. Wa mwanao haukuingia. Wa nani basi utaingia, bibi? Wa malaika?"

Bi Thora aliichukua bastola akaishika yeye mwenyewe, kwa kushoto.

Iliingia.

Haikuingia kabisa, lakini zaidi ya kwa wanaume wale. Vidole vilipanda juu nyuma ya tao bila kugongwa. Kidole kidogo kilipata kituo. Kiganja kilijaa. Palikuwa na jambo moja tu lisilomtosha, nalo ndilo lile la pili aliloliona dirishani. Kwenye ubao wa kushoto, karibu na ukingo wa mbele, mtu alikuwa amechimba mfereji mwembamba, upana wa jani la nyasi, hapo linapokaa shina la kidole cha pete.

Ni mahali pa kukaa pete ya ndoa, ili bastola irukapo isiibane pete kwenye mfupa.

Kisha akaona na mengine, na moyo wake ukashuka. Mti ule haukupunguzwa kwa tupa wala msasa. Ulikwanguliwa kwa kigae cha chupa, kutoka chini kwenda juu, mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Na juu yake pamefungwa kwa nta ya mshumaa badala ya mafuta.

Alimjua aliyefundisha kazi hiyo. Ni yeye mwenyewe.

Majira ya baridi yaliyopita, wanawake watano wa kanisa walimwomba awaonyeshe. Kiangazi kilichotangulia nyoka wa njuga walikuwa wameingia mpaka mabandani, na kila bastola ya nyumbani ilikuwa imetengenezwa kwa mkono wa mume. Wanawake hawana tupa wala jiliwa, kwa hiyo aliwafundisha kwa kigae cha chupa na mshumaa. Na mmoja wao, mwenye mkono wa kushoto, alilalamika kwamba pete inamuuma, akaanza kuivua. Bi Thora akamzuia. Alikumbuka maneno yake mwenyewe kama aliyoyasema jana.

Pete ya ndoa haivuliwi, mwanangu. Kinachotoka ni mbao.

"Ni mkono wa mwanamke," alisema polepole.

Hapo yalitokea mambo mawili kwa pamoja.

Emmet alishika nondo akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nyamaza. Nakuomba."

Na Sherifu Stroud akaanza kuifunga bastola ndani ya gunia la unga.

Bi Thora aliyaona yote mawili. La Emmet lilimchoma, maana sasa alielewa kwa nini mwanawe alisema uongo huku akitazama sakafu. Lakini la Sherifu lilimshangaza zaidi. Mtu anayemtafuta mwuaji, akiambiwa ni mwanamke, huuliza mwanamke gani. Huyu hakuuliza. Alikuwa anafunga mzigo.

"Tumemaliza," alisema Stroud. "Masizi si ushahidi. Jumatatu utasema ulichosema, na—"

"Mwanamke gani, Bi Thora?" aliuliza Hob.

"Nimesema tumemaliza, Hob."

"Nimesikia. Mwanamke gani?"

Mjane yule alifumba macho. Huku alikuwa na mwanawe na kamba. Huku alikuwa na binti wa watu, aliyemkalia jikoni juzi usiku mzima akilia juu ya bega lake, kesho yake wakatengeneza pamoja mkate wa matanga. Hakumwuliza Mungu amwokoe yupi. Alimwomba tu asimwache aseme zaidi ya anachokijua.

"Niliwafundisha watano," alisema. "Wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja. Leona."

Leona Purdom, mke wa marehemu.

"Umemwua, Mama," alisema Emmet, akageukia ukuta.

Hob hakulazimika kwenda mbali. Maziko ya Asa yalikuwa saa nane siku hiyo, na gari la farasi la Leona lilikuwa limesimama mbele ya duka. Alimleta akiwa amemshika kiwiko kwa adabu. Alikuwa mwanamke mdogo, mweupe wa uso, nguo nyeusi, glavu nyeusi. Alipoingia alimtazama kwanza Emmet, kisha bastola ambayo Hob alikuwa ameitoa tena guniani, na mwisho Bi Thora.

Sherifu alisema mwanamke aliyefiwa asisumbuliwe siku ya maziko. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote wa pale kumsikia akimhurumia mtu.

Leona alivua glavu ya kushoto, kidole kimoja kimoja. Pete ilikuwepo. Na juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama za vidole vinne, za rangi ya zabibu zilizoanza kuwa njano, na si vidole vyake. Hapo Bi Thora alielewa jambo ambalo jirani wema alipaswa kulielewa zamani. Katika darasa lile la majira ya baridi, mwanamke huyu hakuwa akijifunza kwa ajili ya nyoka.

Hob aliupaka mpini masizi mwenyewe, vibaya, akamkabidhi.

Uliingia mkononi mwake kama mguu unavyoingia kwenye soksi ya zamani. Pete ikalala ndani ya mfereji wake. Alipofungua kiganja, kilikuwa cheusi chote, kutoka shina la vidole mpaka kifundo, bila doa jeupe.

Nje farasi alipiga kwato.

"Ni mpini wangu," alisema Leona. "Emmet alinipa bastola mwezi wa Mei, siku aliyonikuta kisimani na mkono huu. Nilimwapisha asiseme. Nikaukwangua siku mbili, usiku, kama ulivyonifundisha, Bi Thora."

"Haya basi," alisema Sherifu haraka. "Amekiri. Hob, mfungulie kijana, mwingize huyu."

Lo! Emmet yu huru? Kwa neno moja tu, na kwa mdomo wa adui? Bi Thora alipaswa kufurahi. Lakini alikuwa mtu wa kutazama mikono, na Leona hakuwa ameiweka bastola chini kama mtu aliyekiri. Aliishika kama mtu ambaye hajamaliza.

"Sijamaliza," alisema Leona. "Jumapili Asa alinipiga tena. Nikaona nikilala na kitu hiki chini ya mto nitakuja kuua mtu. Baada ya ibada nikakikabidhi kwa sheria, na risasi zake ndani. Jumanne Asa akafa. Jumatano nikaambiwa nikifungua mdomo nitanyongwa mimi, kwani nani atamwamini mke aliyekuwa akipigwa?"

"Ulikikabidhi kwa sheria gani?" Hob aliuliza. Penseli yake ilikuwa imesimama. "Mimi sikupokea kitu, Bi Leona."

"Hukupokea wewe."

Hapo wote wanne walimtazama Garvin Stroud. Na kila mmoja akakumbuka kitu ambacho Cutter Fork ilikuwa inakijua na haikuwahi kukifikiria. Upande wa juu wa mfereji ule kuna mashamba mawili tu, la Asa na la Emmet. Mmoja akizikwa na mwingine akinyongwa, maji yote yanateremka kwenye shamba la tatu, la chini. Nalo ni la Sherifu.

Stroud alicheka. Kicheko kilikuwa kikavu.

"Mmeona kiganja changu. Mmekichora. Mpini ule haunitoshi."

"Haukutoshi," alisema Bi Thora. Sauti yake ilikuwa tulivu, ile anayowasomea nayo watoto Zaburi. "Ulisema mwenyewe. Kiatu kikimbana mtu anatembea, na kwa hatua nne anafika. Ila kina jambo moja kiatu cha kubana, Sherifu. Kinatoa lengelenge." Akainua kidole chake mwenyewe cha kati akagusa fundo lake. "Kile kizibo nilichomwekea Emmet kilikuwa cha kuzuia jambo hilo. Leona alikitoa kwa kuwa vidole vyake vinapita. Vya kwako havipiti. Tao lilikugonga risasi ya kwanza, likakuchana ya pili. Onyesha hilo jeraha la bizimu ya tandiko."

Hob alisimama. Daftari likaanguka. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa na penseli.

Na Stroud akaliona hilo kabla Hob hajalikumbuka.

Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, linatiririka mpaka kidevuni. Mkono wake wa kushoto, ule wenye kigaga, mweusi wa masizi na mafuta ya kitani, uliolowa mpaka katikati ya vidole, ukashuka kiunoni na kujifunga juu ya mpini mweupe wa ganda la lulu.

Bi Thora alikuwa karibu naye kuliko wote. Miaka arobaini alikuwa akichonga mipini, na kila mmoja aliuombea utulie mkononi mwa mwenyewe.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwomba Mungu mpini alioufunga kwa mikono yake uteleze.